Kete ya Kumi

Kila mtangazaji anaposema redioni kwamba ukame ume-decimate mifugo mahali fulani, mimi humjibu. "Wewe umehesabu?" namwuliza, mwiko ukiwa mkononi. Watoto wangu wamezoea. Wanajua mama yao ana akili timamu kwa mambo mengine yote, ila neno hilo moja la Kiingereza humpandisha mori. Siku hizi watu hulitumia kwa maana ya kufyeka kila kitu, kutosaza hata unyoya. Kitinda mimba wangu alinionyesha kwenye simu yake kwamba hata kamusi zimekubali. Sawa, na zikubali. Mimi nilifundishwa neno hilo nikiwa darasa la saba, katika shule moja ya baraza la jiji karibu na Jogoo Road, na sikufundishwa kwa chaki peke yake.

Wiki ya matanga ya baba tulikuwa tukitafuta kitambulisho chake. Wanawake wa mtaa walikuwa nje wakichemsha chai, wajomba wanabishana kuhusu gari la kupeleka mwili Machakos, nami nikapiga magoti nikavuta sanduku lake la kazi kutoka mvunguni mwa kitanda. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Nilipoinua kifuniko harufu ilinipiga usoni: vumbi la mjakaranda, mafuta ya taa, na rangi ya viatu, ile nyeusi ya kopo. Kitambulisho hakikuwamo. Chini kabisa, chini ya patasi na tezo, palikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa cha kaki uliofungwa kwa uzi. Niliujua kabla sijaufungua. Nikakaa sakafuni miguu nimeinyoosha kama mtoto, nikauweka mapajani, nikaanza kulia kwa sauti. Wajomba wakadhani ni baba ninayemlilia.

Nililetwa Nairobi nikiwa darasa la sita. Mama alibaki nyumbani na shamba, baba akanichukua kwenye chumba chake katika mtaa wa Mbotela ili nisome shule za mjini. Jina langu, Mwende, liliandikwa chini kabisa ya rejesta, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameshapangwa. Nilizungumza Kiswahili cha Kikamba, na kila nikifungua mdomo darasa lilicheka mpaka dawati linatikisika. Aliyewanyamazisha ni Wanjiru. Mama yake aliuza mboga kwenye kibanda karibu na barabara, na yeye alikuwa na ulimi wa sokoni hasa. "Mnamcheka nini? Nyinyi mlizaliwa mkijua?" akawaambia, kisha akahamisha begi lake akaja kukaa nami. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu. Alinifundisha kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, alinifundisha maneno ya mtaa, alinifundisha kutembea kama msichana wa Eastlo, mitaa ile ya mashariki ya jiji, asiyeogopa mtu. Andazi moja tulilikata vipande viwili. Sijui kama mtu mzima anaweza kupenda rafiki jinsi mtoto mgeni anavyompenda wa kwanza aliyemsogezea begi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Ezra. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la kijivu mvua ije jua lije, na kamusi nene aliyoifunika kwa karatasi ya nailoni. Kila Jumatatu alituletea neno moja, na hakutupa maana peke yake. "Neno lina wazazi," alikuwa akisema. "Usiliamini mpaka uwajue wazazi wake." Basi Jumatatu moja akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, decimate.

Tulidhani ni hesabu, mambo ya desimali. Akacheka, akasema hatuko mbali. Wazazi wa neno hili ni Kilatini, decem, yaani kumi. Akaeleza kwamba zamani, jeshi la Warumi likikimbia vita au likiasi, mkubwa wao hakuwaua wote. Aliwagawanya kumi kumi. Kila kumi walipiga kura kwa kuchomoa kitu bila kutazama, na yule iliyemwangukia aliuawa. Na hakuuawa na mkubwa. Aliuawa na wale tisa, rafiki zake, kwa marungu na mawe. Walipokwisha, wale tisa walinyimwa ngano, wakapewa shayiri chakula cha punda, wakalazwa nje ya kambi.

Mimi Warumi niliowajua ni wale wa Biblia, walioandikiwa barua. Nilikuwa nimewaona kichwani mwangu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, wamevaa vizuri, wanasomewa. Sikuelewa watu walioandikiwa barua nzuri kama ile wanawezaje kupigana marungu. Nikainua mkono. "Mwalimu, na yule wa kumi alikuwa amefanya nini?"

"Hakuna," akasema. "Hakufanya lolote kuwazidi wenzake. Ndiyo maana waliogopa."

Kisha akauliza, jeshi likiwa decimated wanabaki wangapi? Wanjiru akaruka juu, "Tisa kwa kila kumi, Mwalimu!" Tukampigia makofi matatu. Hilo ndilo somo lenyewe. Ningeomba liishie hapo.

Shule ilikuwa na redio moja, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele, ya kusikilizia vipindi vya masomo mchana. Ilikaa juu ya kabati darasani kwetu. Kila wiki kundi la watu kumi lilishika zamu: kuipangusa, kuiwasha, kuizima, na kuweka ufunguo wa darasa wakati wa mapumziko. Wiki hiyo zamu ilikuwa yetu, wavulana sita na wasichana wanne. Ufunguo tuliuning'iniza kwenye msumari nyuma ya choo, na sisi kumi tu ndio tuliojua.

Kaka yake Wanjiru alifanya kazi bandarini Mombasa, na alikuwa ameandika kwamba ametuma kadi ya salamu redioni, ya mama yake na ndugu zake wote wa Mbotela. Salamu zilisomwa wakati wa mapumziko yetu. Nani angekubali jina lake litajwe hewani, Kenya nzima isikie, na yeye asisikie? Jumanne Wanjiru akanivuta mkono, tukauchukua ufunguo, tukajifungia. Akapanda juu ya dawati, akawasha. Sauti ilikuwa inakwaruza. Akaushika ule waya wa antena, akauvuta kidogo, akauvuta tena, na redio ikaja yote. Ilimpita kichwani ikaanguka sakafuni, mbao ikapasuka katikati, betri zikabingirika hadi mlangoni. Bado nakumbuka ile harufu ya vumbi la moto iliyotoka ndani yake.

Wanjiru alishuka polepole. Midomo ilikuwa imemkauka. "Mwende, usinichome kwa Mwalimu," akasema. "Mathee ataniua nikifika nyumbani. Apa hutanichoma." Nikalamba kidole, nikakielekeza juu, nikajipitisha shingoni. Kwa Mungu. Hata kama asingeniomba ningenyamaza.

Mwalimu Ezra hakupiga kelele. Alitusimamisha sote kumi mbele, akauliza mara moja, akauliza mara ya pili. Wale wanane hawakujua kitu, na sisi wawili tulitazama viatu. Akasema anatupa hadi Ijumaa aliyevunja ajitokeze mwenyewe. Asipojitokeza, basi Jumatatu tulijifunza neno, Ijumaa tutalifanya. Mmoja atachaguliwa kwa kura, na wale tisa watamchapa, kila mmoja fimbo moja mkononi. Darasa likacheka, likidhani ni mzaha. Akaniita mezani kwake, akaniandikia baba barua, kwa sababu alijua kazi yake. Aliomba kete kumi ndogo, kama zile za kuchezea drafti, za ukubwa mmoja. Tisa nyeupe, moja nyeusi.

Nilimsomea baba barua ile jioni ya Jumatano, yeye amekaa mlangoni juu ya kigoda chake, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Nikamweleza habari za Warumi na habari za redio. Aliyeivunja sikumtaja.

"Na wewe umo katika hao kumi?"

"Nimo, baba."

Aligeuza patasi mkononi. Halafu akachonga kete tisa kutoka tawi la mjakaranda, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Nilipoona anamaliza ya tisa, nikaenda mwenyewe kumletea kopo la rangi ya viatu. Ndivyo wachongaji walivyofanya. Mjakaranda ni mbao nyepesi, ya bei ya chini. Ukiipaka rangi ya viatu na kuisugua, mgeni kutoka ng'ambo huinunua akidhani ni mpingo. Baba alifanya hivyo kila siku wala hakuona haya. Lakini siku ile alilikataa kopo. Akaingia ndani, akatoa kipande chake cha mpingo halisi alichokuwa anakitunzia mteja, akakata pembe yake, akachonga kete ya kumi.

"Fumba macho," akaniambia. Akaniwekea moja katika kiganja cha kulia, nyingine cha kushoto. Zilikuwa za ukubwa mmoja kabisa. Ila ya kushoto ilikuwa nzito na baridi, ikalala kwenye kiganja kama jiwe la mtoni.

"Mkono umeisikia?"

"Umeisikia."

"Basi usiishike hiyo." Akazitia zote kwenye mfuko alioushona kutoka kaptura yangu ya zamani ya kaki, akafunga uzi, akaendelea na kazi yake. Nilijisikia binti wa mfalme. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa kama kile.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapojikasirikia mwenyewe. Nililala vizuri usiku ule. Wale wanane wengine sikuwafikiria hata kidogo. Otieno, ambaye aliwahi kunibebea begi mvua iliponyesha. Njeri, ambaye alikuwa na mkono mmoja uliopooza. Wote niliwaweka upande ule mwingine na wala sikuona vibaya. Nilimfikiria mtu mmoja tu. Itakuwaje Wanjiru akiishika ile nyeusi? Nitamchapa vipi?

Kwa hiyo Alhamisi nikamwambia. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya mfereji, nikamnong'oneza sikioni kila kitu, mjakaranda na mpingo, nyepesi na nzito. Macho yalimtoka. "Haki?" "Haki. Lakini usimwambie mtu, nitakuwa nimemchongea baba." Akanikumbatia mpaka ndoo ikamwagika. Jioni ile tukienda nyumbani aliimba njia nzima.

Ijumaa, baada ya maombi, Mwalimu Ezra aliweka mfuko mezani. Akauliza kwa mara ya mwisho kama kuna mwenye la kusema. Nikamtazama Wanjiru kidogo tu. Alikuwa anatazama ramani ukutani.

Akaita kwa kufuata rejesta. Otieno alikuwa wa kwanza. Akatia mkono mfukoni, na mimi nikaona kitu nilichodhani ni woga: mkono haukutoka haraka. Ulikaa mle, ukatembea, ukatembea tena, kisha ukatoka na nyeupe. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu. Alipofika wa nne, nikaelewa. Hawakuwa wanachagua kama watu wanaobahatisha. Walikuwa wanapima. Kila mkono uligusa, ukaacha, ukagusa, ukaacha. Njeri alitumia mkono wake mzima, akatabasamu kabla hajautoa. Wanjiru alikuwa wa tisa. Mkono wake ulikuwa na kete mbili tu za kuchagua, na hata hivyo alichukua muda. Akatoa nyeupe. Akarudi kwenye mstari bila kunitazama.

Ndipo nikaitwa. Jina langu, lile la kalamu nyekundu. Nilitia mkono, na mfuko wote ule ulikuwa na kitu kimoja tu, baridi, kinanisubiri. Niliishika. Nikafikiria kusema, "Mwalimu, wamedanganya." Lakini angeuliza wamedanganyaje, na jibu lilikuwa baba. Nikafikiria kusema, "Redio iliangushwa na Wanjiru." Lakini nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimefungwa midomo pande zote mbili, na aliyeshika uzi ni mtu mmoja. Nikaitoa ile kete, nikaionyesha, darasa likafanya "Aaah," sauti ya watu waliofarijika.

Otieno alinigusa tu kwa fimbo, pu, kama mtu anayefukuza nzi. Mwalimu akamwambia hiyo ni yake, akamchapa yeye, kisha akamwamuru arudie. Baada ya hapo hakuna aliyenionea huruma. Nilihesabu. Nilikuwa nimejifunza kwamba neno hili ni la kuhesabu. Kufikia ya sita kiganja kilikuwa hakina habari tena, nilikisikia kwa mbali. Ya nane ilinitoa machozi. Wanjiru alipokuja mbele yangu nilinyoosha mkono vizuri zaidi, nikamkazia macho. Nilimpa nafasi. Nilisimama pale na mkono wangu umevimba, nikamngojea aseme maneno matatu tu. Alipiga. Alipiga kwa nguvu, macho ameyafumba, akampa Mwalimu fimbo, akarudi mahali pake. Iliniuma. Iliniuma kuliko zote nane, na si mkononi.

Mwalimu Ezra alikuwa mtu wa kumaliza somo. Saa nne maziwa ya shule yalipoletwa, yale ya pakiti za pembe tatu, aliwanyima wale tisa. "Warumi walikula shayiri," akasema. Mimi akanipa pakiti yangu. Niliiacha juu ya dawati, sikuweza hata kuishika. Tisa wale walinitazama kwa chuki, kweli kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyewanyang'anya maziwa. Wanjiru alikuwa amehamisha begi lake.

Nyumbani baba aliufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja. "Sikukwambia uiache?"

"Nilimwambia Wanjiru."

Hakunigombeza. Alichukua ile pakiti ya maziwa niliyorudi nayo begini, akaikata pembe kwa patasi, akaninywesha kama ndama. Kisha akasema, "Nilikupa siri ya mkono, wewe ukaifanya ya mdomo." Nikalia. Akafuta patasi kwenye suruali. "Na mimi nilikosea," akasema. "Ningepaka rangi ya viatu kama siku zote." Jumatatu alivaa koti lake la kanisani, akaja shuleni, akamwambia Mwalimu Ezra mbele yetu sote kwamba amekuja kuchukua kazi yake. Mwalimu akampa mfuko. Mimi na Wanjiru hatukuzungumza tena mpaka mtihani wa mwisho, kisha kila mtu akaenda shule yake na maisha yake. Mara moja tulikutana kwenye harusi ya watu, tukapungiana mikono kutoka meza hadi meza.

Nimekuwa mtu wa kuchelewa kuamini tangu hapo. Nimeolewa, nimefanya kazi, nimezika, na bado mtu akinikumbatia kwa furaha kubwa mimi hujiuliza kesho atakuwa anatazama ramani gani.

Basi nikiwa pale sakafuni wiki ile ya matanga, mfuko mapajani, mlango ukabishwa. Aliyeingia ni mama mnene mwenye miwani na leso kiunoni, amebeba kikapu chenye pakiti sita za maziwa, jinsi mtu anavyoingia kwa wafiwa. "Pole, Mwende," akasema. "Pole sana kwa mzee." Ilinichukua muda kuona kwamba ni Wanjiru. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Macho yake yakashuka hadi mapajani mwangu, yakabaki hapo.

"Ni ule?"

"Ni ule."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Wanjiru akazungusha pete yake kidoleni. "Kuna kitu nimetaka kukwambia tangu tukiwa watoto," akasema. "Sikuwaambia wale ili wewe uumie. Nilidhani tukijua wote, hakuna atakayeishika. Nilidhani itabaki tu mfukoni."

Nilicheka. Samahani, matangani hakuchekwi, lakini nilicheka. "Wanjiru. Kete kumi, watu kumi."

"Nilikuwa mtoto, Mwende. Nilifikiria hivyo. Nilifikiria Mwalimu atatuachilia."

Na nilimwamini. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilimwona tena akiimba njia nzima ile Alhamisi, anaimba kwa sababu ametuokoa wote, hata wale wanane ambao mimi sikuwajali. Miaka yote hii nilikuwa nimemhukumu kwa kitu ambacho, ukitazama vizuri, alikifanya kwa moyo mwema kuliko wangu. Kidogo nimshike mkono. Halafu nikakumbuka mkono.

"Na redio?"

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa, akaivua tena.

"Ulisimama mbele yangu," nikasema. "Nilikuwa nimeshapigwa nane. Ulinichapa ya tisa."

"Niliogopa. Ngai, Mungu wangu, niliogopa sana." Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Ningeweza kurudi siku ile, Mwende, nakuapia, ile nyeusi ningeishika mimi."

Sijui ni nini kilichonipata. Nilifungua uzi, nikazitikisa kete mle ndani, nikaunyoosha mfuko kuelekea kwake. "Haya. Shika."

"Mwende, tuko matangani."

"Shika tu. Hakuna Mwalimu, hakuna fimbo."

Akatia mkono. Nikautazama ule mkono wa mama mzima, wenye makovu ya kisu cha mboga, ukiingia ndani ya kitambaa cha kaptura yangu. Ulikaa. Kisha ukaanza kutembea. Uligusa, ukaacha. Uligusa, ukaacha. Nilikuwa naujua mwendo ule. Ukatoka, akakifungua kiganja.

Ilikuwa nyeupe, imegeuka manjano kwa uzee. Tulikitazama kiganja kile sote wawili. Hakuwa ananidanganya, niliuona uso wake, alikuwa ameshtuka kunishinda mimi. Alikuwa amesema kweli kwa mdomo, na mkono haukumsikiliza. Akajaribu kuirudisha upesi achague tena, nami nikaushika mdomo wa mfuko, nikaukaza.

"Acha," nikamwambia. "Kaa nayo."

Nje mama mmoja akaita kuuliza kama maziwa yamefika, sufuria inachemka. "Yamefika," nikajibu. Nikachukua pakiti ya kwanza kikapuni, nikaipasua kwa meno, nikatoka kuimimina. Wanjiru nilimpa kikombe chake kabla ya wengine, kwa sababu alikuwa mgeni, na alikinywa chote akiwa ameinamisha kichwa. Alipoondoka nilirudisha mfuko sandukuni kwa baba, chini ya patasi. Nilihesabu kwanza. Zilikuwa tisa, na ile nzito ikiwemo.